Mtungi Uliodanganywa

Lamduan alijua kuna kitu hakiko sawa kabla hajavua viatu, kwa sababu mtungi ambamo mama yake alitia nyuzi rangi ya nili ulikuwa unanukia vizuri.

Mtungi usipolishwa siku tatu hununa. Ukipita wiki mbili hufa, na mtungi uliokufa hunuka panya aliyeozea ukutani. Mama yake, Kamfong, alikuwa amekufa siku tisini na saba zilizopita, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeutia maji ya majivu wala ukwaju. Lakini pale chini ya nyumba, kati ya nguzo zilizoiinua, ilikuwepo harufu ile ile ya majani machachu na chokaa, harufu ya mikono ya mama yake.

Alifunua kitambaa. Povu lilikuwa limejaa hadi mdomoni, la buluu, linang'aa kama shaba iliyosuguliwa asubuhi hiyo.

"Mtu wa Bangkok!" Mdogo wake, Bualai, alikuwa anashuka ngazi na kapu la wali wa kunata. "Umenenepa. Au ni suruali?"

"Ni suruali."

"Suruali haina mashavu, dada."

Walicheka, kisha wakakumbuka ni kwa nini Lamduan amekuja, wakaacha. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku nne kutoka kiwanda cha kushona alikofanya kazi, aje kwenye sadaka ya siku ya mia ya mama yao.

"Umeutunza vizuri," Lamduan alisema, akirudisha kitambaa.

"Nini?"

"Mtungi."

Bualai alimtazama. Alikuwa mpishi wa shule, nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, na tangu utotoni alikuwa na mkono mbaya wa nili. Kila mtungi aliougusa ulikufa. "Mimi? Mimi nilidhani umemwomba Bibi Phuang aje autunze. Kila alfajiri nasikia mtu anauchota na kuumimina. Nikasema, afadhali, dada amekumbuka kitu."

Lamduan hakuwa amemwomba mtu yeyote chochote.

Binti yake alitoka shuleni saa tisa. Pin alikuwa na miaka minane, na tangu alipokuwa wa miezi kumi alilelewa na bibi yake, kama watoto wengi wa kijiji kile ambao mama zao wako viwandani; tangu msiba alikaa kwa Bualai. Alimwinamia mama yake kwa heshima, viganja vimeshikana mbele ya uso, kama mtu anayemsalimu mwalimu mgeni. Na viganja vile vilikuwa vya buluu.

Si viganja tu. Buluu ilipanda hadi juu ya viwiko, ikaingia ndani ya mikono ya sare.

"Hii nini?" Lamduan alimshika. Alisugua kwa mate, akasugua kwa sabuni, akasugua kwa chumvi na ndimu. Rangi ya nili hutoka kwenye ngozi kwa wiki moja, kila mtoto wa pale anajua. Hii haikutoka hata kidogo.

"Watoto huchezea," Bualai alisema, lakini alisema polepole. "Mwezi uliopita ilikuwa vidoleni tu."

Wakaketi kula. Papai bichi la kutwanga, samaki wa kuchoma, wali. Pin aliketi na mikono mapajani.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Bibi ameshanilisha," Pin alisema, na alipofungua mdomo kusema hivyo Lamduan aliona kwamba ulimi wake nao ni wa buluu.

Bualai alitua kijiko. "Anasema hivyo kila siku," alinong'ona. "Nilidhani ni huzuni. Mwalimu alisema tumwache, itapita. Hali chakula, dada, lakini hakondi."

Lamduan aliyajua maneno yale. Kwa miaka saba, kila alipopiga simu kutoka Bangkok kuuliza kama mtoto amekula, mama yake alijibu hivyo hivyo: usijisumbue, nimeshamlisha. Alikuwa akiyasikia, anapumua, anarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi iliyofuata aliamka saa kumi na moja, saa ya wapiga nili. Kwa kweli hakuwa amelala. Alisikia sauti kupitia mbao za sakafu. Bakuli likizama, bakuli likiinuka, maji yakimiminwa kutoka juu ili mtungi upate hewa. Chubwi. Kimya. Churrr. Alikuwa ameisikia sauti hiyo utoto wake wote, na ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule.

Alitandaza mkono upande wa pili wa mkeka. Pin hakuwepo.

Aliteremka ngazi bila viatu. Mwanga ulikuwa umeanza, wa kijivu, na jogoo mmoja alikuwa anawika nyumba ya tatu. Pin alikuwa amechuchumaa kando ya mtungi, mgongo kwa ngazi, bakuli la kifuu mkononi, anachota na kumimina na kuongea kwa sauti ndogo. Aliongea, akanyamaza kama mtu anayejibiwa, akacheka, akaongea tena. Kigoda cha bibi yake kilikuwa upande wa pili wa mtungi. Hakuna aliyekikalia.

Lamduan alitaka kuita, lakini kwanza akahesabu milio ya bakuli, kwa sababu yeye ni mtu wa kuhesabu vitu, na akagundua kwamba Pin alikuwa ameshusha bakuli lake na kuliweka kwenye paja, na sauti ilikuwa bado inaendelea, bakuli likizama ambalo halikuonekana, maji yakiinuka na kuanguka kutoka kimo ambacho mkono wa mtoto wa miaka minane usingekifikia, yakipasuka juu ya povu na kurusha matone ya buluu kwenye kigoda kitupu, na kile kigoda, ambacho baba yake alikichonga kwa mti mbovu na ambacho hulia kila mtu anapohamisha uzito, kikalia.

Kisha Pin alipanua mdomo kama kifaranga, akainua kichwa juu.

"Pin!"

Sauti ikakoma. Mtoto aligeuka, midomo yake imelowa. "Mama, umemshtua."

Lamduan alimnyanyua akamkumbatia kifuani. Pale chini, kwenye udongo mkavu, nyayo za maji ya buluu zilikuwa zinatoka kwenye kigoda kwenda nyuma ya nguzo ya mwisho. Alizifuata kwa macho. Mama yake alikatwa kidole kidogo cha mguu na jembe kabla Lamduan hajazaliwa, na nyayo hizi nazo zilikosa kidole kidogo. Moyo wake ukalegea, akakaribia kulia, akakaribia kusema mama. Halafu akatazama tena.

Kamfong alikuwa amekosa kidole cha mguu wa kushoto. Nyayo hizi zilikikosa cha kulia.

Bibi Phuang aliishi mwisho wa kijiji, karibu na ukumbi ambapo wageni wa mwisho wa juma huja kununua skafu na kupiga picha na wafumaji. Alikuwa mpiga nili kama Kamfong, na vilevile ndiye aliyeitwa watu walipopatwa na vitu ambavyo zahanati haikuvielewa. Lamduan, Bualai na Pin walimkuta akitafuna tambuu mbele ya televisheni.

"Kaeni. Huyu mwanamke anakaribia kugundua mumewe ana mke mwingine. Ngojeni tangazo."

"Bibi, mtoto wangu..."

"Nimemwona mtoto wako tangu mlangoni. Tangazo."

Wakangoja. Tangazo la sabuni lilipoanza, Bibi Phuang alizima sauti, akamvuta Pin, akamfungua vifungo viwili vya juu vya sare. Buluu ilikuwa imefika kwenye mifupa ya kifua na inapanda shingoni kwa vidole vyembamba. Hakutafuna tena.

"Ikifika hapa," alisema, akiweka kidole chini ya koo la mtoto, "hatakuwa wako tena. Atakuwa wa mtungi." Akamgeukia Lamduan. "Siku ile ya mazishi, ulifanya kazi yako?"

Pale kijijini mtungi hauambiwi uongo. Asubuhi husalimiwa, mpiga nili akikasirika na mumewe hauambii mtungi kwamba amefurahi, akienda msibani hauambii ameenda sokoni. Na mwenye mtungi akifa, binti yake mkubwa huufunua kabla jeneza halijatoka nyumbani, akauambia kwa kinywa chake kwamba mwenyewe amekufa, kisha akaupokea au akaumwaga. Ni kazi ya dakika moja.

"Niliufunua," Lamduan alisema.

"Ukauambia nini?"

Lamduan alitazama televisheni isiyo na sauti.

"Watu walikuwa wananingoja. Watawa walikuwa wameshashika uzi wa kuongoza jeneza. Sikuweza kulisema lile neno." "Nikauambia, mama ametoka kidogo. Atarudi kukulisha."

"Ehee."

"Ni maneno tu, bibi. Yalinitoka."

"Yalikutoka kwa sababu umezoea kuyasema." Bibi Phuang alitema tambuu kwenye kopo. "Mama yako tulimchoma. Majivu yake yako hekaluni, ametulia, hana shida na mtu. Wewe uliuambia mtungi wenye njaa kwamba kuna mwanamke anakuja. Basi amekuja. Si mama yako, ni jini aliyekuwa karibu. Amekaa kwenye kigoda, amevaa sura ambayo mtoto anaitaka, na kwa kuwa hana cha kumlisha mtoto, anamlisha maji ya mtungi."

"Namba gani hizi, bibi?" Bualai aliuliza ghafla. Alikuwa anatazama kalenda ukutani, iliyoandikwa namba kwa kalamu, ili asimtazame mtoto.

"Za bahati nasibu, na si zako. Twendeni, kabla jua halijafika utosini."

Bibi Phuang hakuja na vitu vingi. Uzi mweupe, kiganja cha chumvi, mshumaa mmoja. Alimkalisha Pin mbali na mtungi, akamfunga uzi kifundo cha mkono, akamfunga Lamduan ncha ya pili. Bualai alimshika mtoto mabega. Ilikuwa saa tano, mchana mweupe, kuku wanaparua uwanjani, jirani anasikiliza redio. Lamduan alijiambia kwamba hakuna jambo baya linaloweza kutokea redio ikiwa inacheza.

"Funua. Sema."

Akafunua. Povu lilikuwa limepanda kuliko jana, na lilikuwa linapumua.

"Mama amekufa," Lamduan alisema. "Kamfong amekufa. Nilikudanganya. Hatarudi."

Kigoda kikalia. Pin akacheka kidogo, kama mtoto anayetekenywa.

"Bado," Bibi Phuang alinong'ona. "Haujashiba. Kuna ulichobakiza."

"Sijabakiza kitu."

"Lamduan. Mimi ni mzee, nina njaa, na kipindi changu kimeanza tena. Toa kilichobaki."

Bualai alimtazama dada yake. Na Lamduan alijua kwamba afadhali mtungi usikie peke yake kuliko asikie Bualai, kwa sababu siku ile ya mazishi alimwambia Bualai kwamba simu ilizimwa, kwamba kiwandani hawaruhusiwi, kwamba hakuona chochote hadi jioni.

"Mama alinipigia," alisema. "Siku aliyokufa. Mara saba."

Mikono ya Bualai ikakaza kwenye mabega ya mtoto.

"Simu haikuwa imezimwa. Ilikuwa saa ya kula. Nilikuwa nimekaa na tambi zangu na simu ilikuwa mezani, na nililiona jina lake, na nilijua atataka kunieleza majani ya nili yameliwa na wadudu, na mwishoni ataniuliza nakuja lini, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa nakuja lini, nimesimama tangu saa kumi na mbili, miguu imevimba, nikasema moyoni ngoja nile kwanza, nikaigeuza simu kifudifudi, ikatetemeka, nikala, ikatetemeka tena, nikanywa supu, na kila ilipotetemeka nilikasirika zaidi, mpaka mara ya saba, na baada ya ya saba ikanyamaza nikafurahi. Nilifurahi. Nilisema afadhali. Na yeye alikuwa ameanguka hapa, hapa nilipokanyaga, na simu mkononi, na hakumpigia mtu mwingine, alinipigia mimi tu, na aliyemkuta ni Pin alipotoka shule."

Redio ya jirani ikakatika.

Povu lilishuka. Halikupasuka, lilishuka lote kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyetoa pumzi. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa rangi ya chai, na uvundo ukapanda, ule uvundo wa panya ukutani, wa siku tisini na nane zote kwa wakati mmoja, mpaka Bualai akaziba pua. Kigoda kikalia mara moja, kama mtu anaponyanyuka. Nyayo zikajichora kwenye udongo, mguu wa kushoto mzima, wa kulia una pengo, moja baada ya nyingine, bila haraka, zikampita Pin, zikasimama mbele ya Lamduan karibu sana hata akahisi ubaridi usoni, kisha zikageuka kwenda nyuma ya nguzo na hazikutokea upande wa pili.

Pin aliinama akatapika. Maji ya buluu, bakuli zima, halafu maji meupe. Buluu ya shingoni ilianza kufifia mbele ya macho yao.

Mtoto alipoinua kichwa hakumkimbilia mama yake. "Umemfukuza," alisema. "Alikuwa anakaa na mimi kila siku. Wewe hukai. Kwa nini umemfukuza?"

Bualai alimbeba akaenda naye nyumbani kwake.

Wakaumwaga mtungi shambani, wakauosha kwa chumvi, wakaulaza kifudifudi. Bibi Phuang alikata uzi na kumwachia Lamduan kipande chake kimefungwa mkononi.

"Sikiliza. Jini yule amekwishajua njia ya hapa, na mtoto anamjua kwa jina. Hii midomo yako isimwambie tena mtoto huyu neno ambalo hutalitimiza. Hata dogo. Kama hurudi, sema hurudi."

"Siwezi kumchukua, bibi. Tunalala wanne chumba kimoja."

"Sikusema umchukue. Nimesema usimdanganye."

Sadaka ilifanyika, watawa wakaomba, watu wakala. Bualai alizungumza na dada yake mambo ya sufuria na viti, basi. Asubuhi ya kuondoka ndipo alipomletea wali kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya safari. "Kula, usije ukafa njiani nikapata kazi nyingine," alisema, na Lamduan akajua kwamba kusamehewa hajasamehewa, lakini atapokelewa simu.

Mikono ya Pin ilikuwa imebaki na buluu ya vidoleni tu. "Unarudi lini?" aliuliza.

Kwa miaka saba Lamduan alijibu: sasa hivi tu, keshokutwa. Alichuchumaa. "Mwezi wa nne, sikukuu ya kumwagiana maji. Siku tano. Kisha nitaondoka tena."

Pin alihesabu kwa vidole vyake. "Mbali."

"Mbali. Lakini nitakupigia kila siku saa moja jioni. Kila siku. Hii nakuahidi."

Alipiga. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Alipiga akiwa chooni, akiwa kwenye foleni ya basi la kiwanda, akiwa na homa. Pin alimweleza hesabu za shule na mbwa wa Bualai aliyezaa. Anakula, Bualai alisema. Anakula hata cha kwangu. Buluu ilitoka vidoleni ikabaki chini ya kucha moja.

Siku ya ishirini na tatu kulikuwa na oda ya haraka ya sare. Msimamizi alipita kati ya cherehani akipiga makofi, hakuna kutoka mpaka iishe. Saa moja ikafika, ikapita. Saa moja na nusu simu ilitetemeka pembeni ya kitambaa. Jina la Bualai. Kwa saa hiyo, ni Pin. Lamduan alikuwa ameshika kola, mgongo unawaka, bado kola arobaini. Akasema moyoni, ngoja nimalize hizi. Mkono wake ulienda wenyewe, ukaigeuza simu kifudifudi.

Ikatetemeka, ikanyamaza.

Alishona kola mbili. Ya tatu ilipita chini ya sindano ndipo harufu ilipomfikia, kati ya mafuta ya mashine na vumbi la pamba: majani machachu, chokaa. Akatazama kipande cha uzi wa Bibi Phuang, bado kimefungwa mkononi. Upande unaogusa ngozi ulikuwa wa buluu.

Aliikamata simu akapiga. Ililia mara moja tu ikapokelewa.

"Pin? Pin, mama hapa. Samahani, mwanangu, kulikuwa na kazi. Umekula?"

Ndani ya simu bakuli lilizama, likainuka, maji yakamiminwa kutoka juu. Churrr.

"Bibi anasema usijisumbue," Pin alisema. "Ameshanilisha."